Vilna, Warsaw, New York au Paris? Pa kuanzia ukitaka kuisoma harakati ya Kiyidishi ya mrengo wa kushoto

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye historia ya wanaharakati wa utamaduni wa Kiyidishi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki) wa kati ya vita kuu mbili hupotea mapema. Vyama vina majina yanayokaribiana, kila mji una Kultur-Lige (umoja wa utamaduni) yake, gazeti hili linaliita lile msaliti, na mshairi uliyemwacha Vilna 1927 unamkuta Minsk mwaka mmoja baadaye, akichapwa kwa tahajia nyingine kabisa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mtu wa tamthilia, mtafsiri, hata anayefuatilia tu siasa za lugha, wote hukwama pale pale: nianze na mtandao upi?

Nimechukua minne ili tuilinganishe. Wa kwanza ni YIVO, taasisi ya utafiti iliyokuwa na makao Vilna, yaani Vilnius ya leo. Wa pili ni TSYSHO, shule za Kiyidishi zisizo za kidini zilizoendeshwa kutoka Warsaw. Wa tatu ni jumuiya za Wakomunisti zilizoiunganisha New York na Umoja wa Kisovieti. Wa nne ni YKUF, umoja wa utamaduni uliozaliwa Paris mwaka 1937. Haimalizi orodha. Waanarkisti walikuwa na vyao, na Wazayuni wa kisoshalisti wana habari ndefu peke yao. Lakini majina mengi utakayokutana nayo yamo ndani ya mitandao hii minne, au yanahama kutoka mmoja kwenda mwingine.

## Kwanza, tatizo lenyewe

Sensa ya Poland ya 1931 ilihesabu Wayahudi zaidi ya milioni 3, na karibu asilimia 80 kati yao walitaja Kiyidishi kuwa lugha yao ya mama. Duniani kote wasemaji walikadiriwa kufika milioni 11 kabla ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia Ukraine na Romania hadi Buenos Aires, Montreal na Johannesburg. Magazeti ya kila siku yalikuwepo, tamthilia zilikuwepo, vyama vya wafanyakazi vilikuwepo. Serikali ndiyo haikuwepo. Matajiri na wasomi wengi wa Kiyahudi waliidharau kama lugha ya jikoni na sokoni, Wazayuni walikuwa wakikipigania Kiebrania, na marabi walitumia Kiyidishi kila siku bila kuona haja ya kukijengea chuo. Mkutano wa lugha ya Kiyidishi wa 1908 katika mji wa Czernowitz ulikitangaza kuwa lugha ya taifa ya Wayahudi, mojawapo na si ya pekee, na hata neno hilo la "mojawapo" lilipatikana baada ya mabishano makali. Waliobaki kuibeba kazi hiyo kwa moyo hasa walikuwa watu wa mrengo wa kushoto. Cherehani na viwanda vya ngozi viliongea Kiyidishi. Ukitaka kuwapanga wafanyakazi hao, huna lugha nyingine.

Kwa hiyo kwangu mimi swali mama ni hili: lugha isiyo na dola, mshahara wa mwalimu wake unatoka mfuko gani? Kila mtandao ulijibu kivyake. Ukishalijua jibu, umeshajua nani alikuwa na kauli ya mwisho, na mara nyingi umeshajua pia mtandao ulivunjikia wapi.

## Vigezo

Nitaupima kila mtandao kwa mambo yale yale: pesa zake zilitoka wapi, kazi ilivukaje mipaka ya nchi, ulisimamaje mbele ya chama na dola, kimebaki nini cha kusoma leo, na kwa lugha gani, halafu unamfaa nani. Kigezo cha nne msikipuuze. Nimeona watu wanapenda mada kwa moyo wote kisha wanagundua kwamba karatasi zote ziko kwa hati ya Kiebrania, na muhula umebaki miezi miwili.

## YIVO: njia ya Vilna

Wazo lilitoka kwa Nokhem Shtif, mwanaisimu aliyekuwa ukimbizini Berlin, katika waraka wa Februari 1925. Alitaka chuo cha juu cha Kiyidishi, cha kuchunguza lugha, historia, uchumi na elimu ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki kwa lugha yao wenyewe. Agosti mwaka huo huo mkutano ulikaa Berlin, lakini kazi ilinyakuliwa na Vilna, mji uliokuwa ndani ya mipaka ya Poland wakati huo, chini ya Max Weinreich, Zalman Reisen na Zelig Kalmanovich.

Pesa. Ada za wanachama, vikundi vya marafiki wa taasisi miji mbalimbali, na dola kutoka Marekani. Hakukuwa na fungu la serikali la kutegemea. Mdororo wa uchumi ulipoipiga Marekani, Vilna ilikohoa. Hata hivyo walifanikiwa kujipatia jengo lao katika mtaa wa Wiwulskiego, na 1935 walikuwa na programu ya kuwalea watafiti vijana.

Kuvuka mipaka. Hapa YIVO inanipa raha kuisimulia. Tangu mwanzo iligawanywa: historia chini ya Elias Tcherikower na uchumi na takwimu chini ya Jacob Lestschinsky, wote wawili Berlin, lugha na ngano Vilna, tawi New York, kundi la wanahistoria vijana Warsaw, akiwemo Emanuel Ringelblum, yule ambaye baadaye angeandaa hifadhi ya siri ya nyaraka ndani ya geto la Warsaw. Lakini mgongo wa taasisi haukuwa hao wakubwa. Ulikuwa wakusanyaji wa kujitolea: walimu, mafundi, makarani, wanafunzi wa vijiji na miji midogo. Vilna ilituma hojaji, nao wakarudisha methali, nyimbo za kubembelezea watoto, vitendawili, mabango ya tamthilia, daftari za vyama vya maziko. Katika mashindano ya tawasifu ya 1932, 1934 na 1939, vijana waliandika maisha yao na kuyatuma. Zilipatikana zaidi ya tawasifu 600. Binti wa fundi viatu anaeleza kwa nini aliacha dini, mwingine anaeleza kwa nini alijiunga na chama, mwingine analalamika tu kwamba hana kazi. Ukitaka sauti za watu wasio na cheo, hakuna mtandao kati ya hii minne unaozitoa kwa wingi hivyo.

Chama na dola. Ni haki kusema wazi: YIVO haikuwa chombo cha chama. Watu wake wengi walikuwa wa mrengo wa kushoto, Wabund (wa Bund, chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi cha kisoshalisti) na Poale Zion wa kushoto (Wazayuni wa kisoshalisti) walikuwa ndani yake, lakini Weinreich alishikilia kwamba utafiti usipige kura. Msimamo huo ulimletea lawama kutoka kila upande. Wenzake wa kushoto walimwona mwoga, na huko Minsk mwaka 1930 wasomi wa Kisovieti walichapisha kitabu kizima cha kuiita sayansi ya YIVO kuwa ya kifashisti. Naye Shtif, mwenye wazo, alishahamia Kiev tangu 1926.

Kilichobaki. Kingi mno, na kwa njia ya ajabu. Makao makuu yalihamia New York 1940. Wanazi waliipora Vilna na kupeleka sehemu ya hifadhi Frankfurt. Wamarekani waliikuta na kuirudisha kwa YIVO New York mwaka 1947. Sehemu nyingine ilifichwa na wafungwa wa geto waliolazimishwa kuchambua vitabu, miongoni mwao washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski. Mwaka 2022 mradi wa kuziunganisha hifadhi za Vilna kidijitali ulikamilika, zaidi ya kurasa milioni 4. Ipo pia ensaiklopidia ya YIVO ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwa Kiingereza, bure mtandaoni. Na tahajia ya YIVO ya 1937 ndiyo utakayofundishwa katika kozi nyingi za leo.

Inamfaa mwenye muda mfupi, mwenye Kiingereza tu, na yeyote anayejali ukusanyaji wa fasihi simulizi au usanifishaji wa lugha. Anayetafuta maandamano na migomo atachoka haraka.

## TSYSHO: njia ya Warsaw

Mizizi yake iko Kiev. Huko, mwaka 1918, wasoshalisti wa vyama mbalimbali waliunda Kultur-Lige, yenye vitengo vya elimu, uchapaji, muziki, tamthilia na uchoraji. El Lissitzky alichora vitabu vya watoto katika mazingira hayo. Wabolshevik walipoitwaa mwishoni mwa 1920, waanzilishi wakatawanyika, wengine Berlin, wengine Moscow, wengine Warsaw. Juni 1921 shule za Kiyidishi zisizo za kidini za Poland zikaunganishwa chini ya chombo kimoja, TSYSHO, chini ya mkono wa Bund hasa, pamoja na Poale Zion wa kushoto.

Pesa. Hapa ndipo roho inapouma. Shule za umma za Kipolandi hazikutoza ada, na serikali haikutambua vyeti vya TSYSHO sawasawa. Mzazi fundi wa Łódź alikuwa anaombwa alipie kitu ambacho jirani yake anakipata bure. Halmashauri chache za miji zilitoa ruzuku pale wasoshalisti walipokuwa na viti vya kutosha. Pengo lililobaki lilizibwa na michango ya Marekani: vyama vya watu waliotoka mji mmoja, vyama vya wafanyakazi, na Arbeter Ring, chama cha wafanyakazi cha kusaidiana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na walimu wa TSYSHO waliufahamu ukweli huo kwa miezi ya mishahara iliyochelewa. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1920 mtandao ulikuwa na wanafunzi wapatao 24,000, wakiwemo wa chekechea na madarasa ya jioni.

Kuvuka mipaka. Ushirikiano wake ulifuata njia ya mwalimu na mwalimu. Vitabu vya kiada vya Vilna na Warsaw vilisafiri, wajumbe walikwenda Marekani kuchangisha, majarida ya ualimu yalisomwa pande zote mbili za bahari. Mfano mzuri kuliko yote ni Sanatoria ya Medem, iliyofunguliwa 1926 Miedzeszyn karibu na Warsaw kwa ajili ya watoto waliokuwa hatarini kupata kifua kikuu. Watoto walijitawala kwa mabaraza yao, walifuga nyuki na kuku, waliandika gazeti lao. Katikati ya miaka ya 1930 mwongozaji Aleksander Ford alitengeneza filamu juu yake ili ichangishe pesa nje. Wakaguzi wa Poland waliipiga marufuku nyumbani, ikaonyeshwa Paris. Agosti 1942 watoto na walimu wao walipelekwa Treblinka.

Chama na dola. Bund ilikuwa na msimamo unaoeleweka bila kamusi: haki zetu tunazidai hapa hapa tulipozaliwa, si Palestina, si kwingineko. Kwa hiyo shule ilikuwa sehemu ya mapambano ya uraia. Dola ya Poland ilijibu kwa kufunga shule moja moja, na chuo cha walimu cha Vilna kilifungwa 1931. Ndani nako hapakuwa shwari, kwani Wakomunisti walizivamia kamati za wazazi, na mabishano juu ya nani aongoze shule ipi yanajaza kurasa ambazo, niseme kweli, unaweza kuziruka.

Kilichobaki. Kumbukumbu za walimu na wanafunzi walionusurika, vitabu vya kiada vilivyowekwa mtandaoni na maktaba ya Yiddish Book Center ya Massachusetts, na karatasi za Bund zilizofika YIVO New York. Sehemu kubwa ni Kiyidishi, na nyingine ni Kipolandi. Kwa Kiingereza utapata kidogo kuliko unavyotegemea.

Unamfaa mwalimu, mtu wa elimu ya watu wazima, na anayetaka kuona lugha ikifundishia hesabu na baiolojia badala ya kuimbwa majukwaani. Msomaji wa Tanzania au Kenya aliyewahi kubishania lugha ya kufundishia atajikuta nyumbani, ingawa lazima akumbuke tofauti moja: TSYSHO haikuwa na wizara ya kuibembeleza wala ya kuilaumu.

## New York na Moscow: njia ya Wakomunisti

Pesa. Mifuko miwili. Upande wa New York, mwaka 1930 watu wapatao 5,000 walijitenga na Arbeter Ring na kuunda International Workers Order, IWO. Kwa lugha ya kwetu, ni chama cha kufa na kuzikana kilichovaa suti: unalipa ada, unapata bima ya maisha, daktari na kaburi. Juu ya hapo unapata kwaya, shule ya watoto ya jioni, mihadhara na kambi ya likizo. Bima ndiyo iliyolipia mashairi. Upande wa Moscow mfuko ulikuwa wa serikali. Umoja wa Kisovieti wa miaka ya 1920 ulikuwa na shule za Kiyidishi, tamthilia za taifa, hata mahakama zilizoendeshwa kwa lugha hiyo katika baadhi ya maeneo ya Ukraine na Belarusi, pamoja na taasisi za utafiti Minsk na Kiev. Mwandishi alipewa mshahara. Usiwacheke waandishi kama Bergelson, Markish au Kulbak kwa kwenda huko. Katika Berlin na Warsaw walikuwa wanaishi kwa mikopo, na dola nzima ilikuwa inawaita.

Kuvuka mipaka. Gazeti la *Frayhayt*, lililoanzishwa New York 1922 chini ya Moissaye Olgin na wenzake, lilikuwa kituo cha mabasi cha mtandao huu. Waandishi wa Kisovieti walichapwa ndani yake, nao waandishi wa Marekani walichapwa Moscow, Kiev na Minsk. Tamthilia ya ARTEF ilipanda jukwaani na wafanyakazi wa viwandani waliofanya mazoezi usiku, chini ya mwongozaji Benno Schneider aliyetoka Habima, tamthilia ya Kiebrania. Mwaka 1928 tamthilia ya taifa ya Kiyidishi ya Moscow ilizunguka Ulaya na kuwashangaza watu. Mwongozaji wake Granovsky hakurudi, na uongozi ukaenda kwa Solomon Mikhoels.

Halafu kuna Birobidzhan. Mwaka 1928 Wasovieti walitenga eneo mpakani na China kwa makazi ya Wayahudi, na 1934 likawa mkoa wa kujitawala wenye Kiyidishi kama lugha rasmi. Wazo la "nchi yetu popote itakapopatikana" halikuwa jipya. Mwaka 1903 Waingereza walikuwa wamewapendekezea Wazayuni nyanda za Uasin Gishu, eneo la Eldoret ya leo, na mkutano wa Wazayuni ukalikataa jambo hilo 1905. Wenyeji wa pale, bila shaka, hakuna aliyewauliza. Safari hii waliochangamka walikuwa watu wa kushoto. Chama cha ICOR Marekani na PROKOR Argentina vilikusanya pesa, matrekta na mashine. ICOR ilituma jopo la wataalamu 1929 likiongozwa na Franklin Harris, mtaalamu wa kilimo na mkuu wa chuo kikuu cha Wamormoni huko Utah, jambo ambalo hata mtunzi wa vichekesho asingelithubutu. Wahamiaji walifika kutoka Argentina, Lithuania, Marekani, hata kutoka Palestina. Wengi waliyakuta mabwawa na mbu, wakageuza.

Chama na dola. Hapa mtandao ulilipa bei kubwa kuliko yote. Agosti 1929, baada ya mauaji ya Wayahudi huko Hebron, Palestina, *Frayhayt* liliandika kwanza kwa uchungu, kisha likabadili kauli kufuata msimamo wa chama cha Kikomunisti kwamba yale yalikuwa maasi dhidi ya ubeberu. Mshairi H. Leivick na waandishi wengine wakubwa waliondoka. Waliobaki waliunda Proletpen, umoja wa waandishi wa kiproletari. Na mfuko wa serikali ulipofungwa kule Moscow, haukufungwa kwa barua. Washairi Moyshe Kulbak na Izi Kharik waliuawa Minsk Oktoba 1937. Joseph Liberberg, aliyeacha taasisi yake Kiev kwenda kuiongoza Birobidzhan, alikamatwa 1936 na kuuawa mwaka uliofuata. Gazeti la Kiyidishi la Moscow, *Der Emes*, lilifungwa 1938. Bergelson na Markish waliishi hadi usiku wa 12 Agosti 1952, walipopigwa risasi pamoja na wenzao wa Kamati ya Kiyahudi ya Kupinga Ufashisti. Kwa hiyo ukisoma mtandao huu usisome nusu. Kuna wanaosimulia kwaya na kambi za watoto bila Minsk, na wengine husimulia Minsk tu kana kwamba washonaji wa Bronx hawakuwahi kuimba kwa dhati.

Kilichobaki. Karatasi za IWO ziko Chuo Kikuu cha Cornell, nyingi kwa Kiingereza, kwa sababu chama kilivunjwa na mahakama za New York katika enzi ya msako wa Wakomunisti, na kesi huzaa makaratasi. Mashairi ya Proletpen yamepata tafsiri nzuri za Kiingereza. Upande wa Kisovieti unadai Kirusi pamoja na Kiyidishi, na tahajia yake ni tofauti: iliondoa herufi za mwisho wa neno na kuyaandika maneno ya asili ya Kiebrania kama yanavyotamkwa.

Unamfaa mtu wa tamthilia, kwaya na ushairi wa mapambano, na hasa anayefuatilia mshikamano wa watu weusi na wafanyakazi wa Marekani. Washairi wa Kiyidishi waliandika juu ya vijana tisa weusi walioshtakiwa kwa uongo katika kesi ya Scottsboro ya 1931. Mwanaharakati mweusi Louise Thompson alikuwa kiongozi ndani ya IWO. Na IWO ndiyo iliyochapisha diwani ya mshairi mweusi Langston Hughes ya mwaka 1938. Mwimbaji mweusi Paul Robeson, aliyesoma lugha za Kiafrika London katika miaka ya 1930, aliimba kwa Kiyidishi mbele ya wanachama wa duru hizo hizo.

## YKUF: njia ya Paris

Huu ndio mtandao mdogo kwa umri kuliko wote, na maelezo yake ni mafupi. Hitler alikuwa ameshika madaraka, Moscow ilikuwa imeagiza muungano mpana dhidi ya Ufashisti, na Paris ilikuwa imejaa wahamiaji wa Poland wenye gazeti lao la kila siku, *Naye Prese*, tangu 1934. Tarehe 17 hadi 21 Septemba 1937, wajumbe 104 kutoka nchi 23 walikutana humo na kuunda Umoja wa Dunia wa Utamaduni wa Kiyidishi.

Pesa zilitoka kwa vyama wanachama na wasomaji. Hakuna dola iliyoweka saini. Kuvuka mipaka ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: kuwaweka Wakomunisti, wasio na chama na wapenzi wa Kiyidishi wa kawaida kwenye meza moja, kuanzia Ubelgiji hadi Argentina. Leivick, aliyekuwa amewakimbia mwaka 1929, alikuja na kuzungumza. Chaim Zhitlowsky, mzee wa Czernowitz, aliwaunga mkono.

Chama na dola. Viti viwili vilikuwa vitupu. Bund ilikataa kuja, ikisema ni mtego wa Wakomunisti. Na wajumbe wa Kisovieti, waliotazamiwa kwa hamu, hawakutokea. Wiki zile zile Kulbak alikuwa tayari kizuizini. Mkutano wa utamaduni wa Kiyidishi wa dunia ulifanyika bila nchi yenye shule nyingi za serikali za Kiyidishi, na jukwaani hakuna aliyeeleza kwa nini. Tarehe 23 Agosti 1939 Moscow na Berlin zikatia saini mkataba wa kutoshambuliana, na Leivick akaondoka tena, safari hii si peke yake.

Kilichobaki. Taarifa kamili ya vikao, iliyochapwa mwaka huo huo, ni chanzo kimoja unachoweza kukimaliza kwa mwezi. Jarida la *Yidishe Kultur* lilianza New York Novemba 1938 chini ya Nachman Mayzel. Tawi la Argentina, ICUF, lilianzishwa 1941 na linaendelea hadi leo, kwa Kihispania.

Unamfaa anayetaka mada ndogo yenye kuta: tukio moja, mji mmoja, siku tano. Na anayevutiwa na siasa za miungano, jinsi watu wanavyokaa pamoja huku kila mmoja akijua kisichopaswa kutajwa.

## Sasa uchague

Kama una muhula mmoja na Kiingereza peke yake, nenda YIVO, uchukue tawasifu tatu au nne zilizotafsiriwa na uzisome taratibu. Usijaribu kuisoma taasisi nzima.

Kama una Kihispania, fikiria Buenos Aires kupitia ICUF kabla ya kwenda Ulaya. Mada bado haijakanyagwa sana. Mwenye Kifaransa aanze na wahamiaji wa Paris na *Naye Prese*. Mwenye Kirusi ana jukumu la Minsk na Kiev, maana wengi hatuwezi kuingia huko.

Kama kazi yako ni jukwaa, ARTEF na Mikhoels watakupa zaidi ya unachoweza kubeba. Kama kazi yako ni darasa, Medem. Kama umeajiriwa kwenye chama cha wafanyakazi au ushirika na unataka kujua utamaduni unavyoweza kulipiwa kwa ada ndogo ndogo, soma vitabu vya hesabu vya IWO kabla ya mashairi yake.

Kama uko tayari kujifunza lugha yenyewe, miezi sita ya bidii inatosha kusoma gazeti kwa kamusi; Duolingo ina kozi tangu 2021, na YIVO hufundisha kila kiangazi. Anza na tahajia ya YIVO, kisha ile ya Kisovieti itakuchukua siku chache tu.

Na kama bado umekwama baina ya miwili, acha mitandao kabisa, mfuate mtu mmoja aliyehama. Shtif anakutoa Berlin na kukufikisha Kiev. Kulbak anafundisha shule za Kiyidishi za Vilna, anahamia Minsk 1928, na njia yake inakatika pale. Leivick anaingia na kutoka mara mbili, kila mara akieleza sababu kwa maandishi. Rahisi kuliko wote ni Mayzel: Kultur-Lige ya Kiev, kisha miaka ya kuhariri jarida la *Literarishe Bleter* Warsaw, kisha Paris, kisha New York, na karibu kila hatua aliiacha kwenye jarida ambalo leo unaweza kulifungua kwenye simu.